Terabaiti Si Kasi

Somo la leo lina maneno mawili ambayo wanafunzi huyachanganya, na ambayo wauzaji hufurahi yakichanganywa: ujazo na kasi. Ujazo ni kiasi ambacho chombo hubeba. Kasi ni wepesi wa kuingiza na kutoa kilichomo. Pipa la lita 200 lenye mdomo mwembamba kama sindano ni pipa kubwa kweli, lakini nyumba ikishika moto hutalisifu kwa ukubwa wake.

Shuka kilima cha Mulago hadi Wandegeya, uulize bei ya diski katika maduka ya kompyuta. Utatajiwa ujazo: gigabaiti 500, terabaiti 1, terabaiti 2. Kasi haitajwi mpaka uiulize. Mnunuzi binafsi akiridhika na jibu hilo, hasara ni yake. Ofisi ya umma ikiridhika nalo, hasara ni yako wewe uliyelipa kodi.

Diski ngumu ina sahani zinazozunguka, kwa kawaida mara 5,400 au 7,200 kwa dakika, na mkono unaopeleka kichwa cha kusomea mahali data ilipo. SSD haina kinachozunguka. Data zake zimo ndani ya chipu. Ukihamisha faili moja kubwa, diski ngumu hukupa takriban megabaiti 100 hadi 200 kwa sekunde. SSD ya kiungo cha SATA hukaribia 500, na nyingi za NVMe hupita 3,000.

Mpinzani wangu husema: sisi ni nchi maskini, diski ngumu ni rahisi zaidi kwa kila gigabaiti, na sekunde chache hazimuui mtu. Hoja hiyo ina sura ya busara, nami naikataa kwa hesabu.

Chukua hospitali ya rufaa, mfano wa hii iliyopo Mulago tangu 1913, ambako wanafunzi wa udaktari wa Makerere hujifunzia. Picha moja ya kipimo cha CT kwa kawaida ina nukta 512 kwa 512, kila nukta baiti 2. Jumla baiti 524,288, yaani nusu megabaiti hivi. Mgonjwa mmoja aweza kuwa na picha 1,000. Zikisomwa mfululizo kwa kasi ya megabaiti 150, diski ngumu hutumia sekunde tatu na nusu, na SSD ya SATA sekunde moja. Tofauti ndogo, utasema. Ndivyo tangazo linavyotaka useme.

Lakini picha hizo si faili moja. Ni faili elfu moja, na mara nyingi zimetawanyika. Kila faili humlazimu yule mkono kusogea na kusubiri sahani izunguke, na safari hiyo hula kama milisekunde 13. Zidisha kwa 1,000: sekunde 13 za kutafuta tu, kabla hujahesabu kusoma. SSD hutafuta kwa sehemu ndogo sana ya milisekunde moja. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba hiki hujazwa kwa muda wa mgonjwa. Wagonjwa 40 kwa siku ni dakika kumi za daktari kutazama kioo kisichosema kitu, na daktari mwenyewe ni mmoja. Anayeziita dakika hizo anasa hajawahi kukaa kwenye foleni akiwa na mtoto mgonjwa mapajani.

Sisemi diski ngumu zitupwe. Kumbukumbu za zamani na nakala za akiba zikae humo; ni mahali pake, na fedha itaokolewa. (Ila usiibebe kwenye bodaboda huku inazunguka, kichwa kikigusa sahani, umepoteza vyote.) Ninalopinga ni hati ya zabuni inayoandika "diski ya terabaiti 1" na kuishia hapo. Sheria ya Ununuzi wa Umma ya Uganda ya 2003 inataka thamani ya fedha. Thamani utaipimaje kama kasi haikuandikwa?

Wala kuandika "SSD" peke yake hakutoshi, maana kamba hukatikia pabovu. Ichomeke SSD kwenye tundu la USB 2.0, utapata megabaiti 30 hadi 40 kwa sekunde. Ipitishe kwenye mtandao wa megabiti 100, utapata chini ya 13, kwa kuwa baiti moja ni biti nane. Angalia herufi hiyo moja, biti na baiti: bei nyingi za intaneti hujificha nyuma yake.

Kifungu cha 41 cha Katiba kinampa raia haki ya kupata taarifa zilizo mikononi mwa dola, na Sheria ya Upatikanaji wa Taarifa ya 2005 inaeleza namna ya kuziomba. Basi kazi yenu ya wiki hii ni barua rasmi, kwa Kiswahili sanifu, kwa ofisi yoyote ya umma iliyonunua kompyuta. Ulizeni diski ni za aina gani, zimeunganishwa kwa kiungo gani, na kasi ya kuandika hubaki ngapi baada ya gigabaiti 20 za kwanza, kwa kuwa SSD nyingi za bei ya chini huanza kwa mbio na kuchoka njiani.