Mcheza kwao hutunzwa: Somo la Bukhungu kwa wenyeji watatu wa AFCON 2027

KAKAMEGA

Tangu Shirikisho la Soka Barani Afrika (CAF) lilipozipa Kenya, Uganda na Tanzania idhini ya kuandaa kwa pamoja fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika (AFCON) za mwaka 2027, mnamo Septemba 27, 2023, mashabiki wa ukanda huu hawajaacha kupiga hesabu. Kila mmoja ana mizani yake. Wapo wanaotazama orodha ya FIFA, wapo wanaohesabu wachezaji wanaosakata gozi ng'ambo, na wapo wanaoamini kwamba kelele za uwanja wa nyumbani pekee zinatosha kuivusha timu hatua ya makundi.

Mizani hizo zote ziliwahi kutumika mjini Kakamega na kuonyesha kasoro. Mnamo Desemba 3, 2017, uwanja wa Bukhungu ulifungua pazia la Kombe la CECAFA kwa mechi baina ya Kenya na Rwanda. Yaliyotokea katika wiki mbili zilizofuata yanafaa kukumbukwa na yeyote anayetaka kutabiri mustakabali wa wenyeji hawa watatu.

Hesabu zilizokwenda mrama

Kenya iliingia katika mashindano hayo ikiwa imejaa aibu. Miezi miwili na ushei kabla yake, Septemba 2017, CAF ilikuwa imeipokonya nafasi ya kuandaa fainali za CHAN za 2018 kwa sababu ya viwanja visivyokuwa tayari, na kuipa Morocco. Halikuwa pigo la kwanza la aina hiyo; AFCON ya 1996 pia ilipangiwa Kenya kabla ya kuhamishiwa Afrika Kusini. Juu ya hayo, Harambee Stars walikuwa na kocha mgeni kabisa, Mbelgiji Paul Put, ambaye hakuwa amemaliza hata miezi miwili kazini.

Uganda Cranes walikuja wakiwa mabingwa watetezi, kwa kuwa walitwaa kombe mwaka 2015 jijini Addis Ababa na mashindano ya 2016 hayakufanyika. Uganda, Rwanda na Libya iliyoalikwa kutoka kaskazini mwa bara, zote zilikuwa tayari na tiketi za CHAN mfukoni. Kwa hesabu ya karatasi, hao ndio waliostahili kuogopwa.

Katika hesabu hiyo Zanzibar haikuwa na nafasi yoyote. Visiwa hivyo vilikubaliwa kuwa mwanachama wa CAF Machi 2017, lakini kufikia Julai mwaka huo huo uanachama huo ulikuwa umefutwa. Timu yao haikuwa na mechi za kufuzu AFCON wala Kombe la Dunia za kujipimia. Kombe la CECAFA ndilo lililokuwa jukwaa lao la pekee, na mara ya mwisho kulitwaa ilikuwa mwaka 1995.

Kenya iliilaza Rwanda 2-0 mjini Kakamega. Kisha Zanzibar ikaanza kuwashangaza waliokuwa wameidharau. Iliichapa Rwanda 3-1, ikaifunga Tanzania Bara 2-1, na kutoka sare tasa na Kenya. Ilipoteza kwa Libya 1-0, lakini ilikuwa tayari na alama saba, moja tu nyuma ya Kenya iliyoongoza kundi. Tanzania Bara ilifunga safari ya kurudi nyumbani na alama moja.

Katika nusu fainali mjini Kisumu, Zanzibar iliwavua Uganda ubingwa kwa mabao 2-1. Fainali ya Machakos, Desemba 17, ilimalizika kwa sare ya 2-2 baada ya muda wa ziada, na ikabidi mlinda lango Patrick Matasi apangue mikwaju mitatu ya penalti ndipo Kenya ipate kombe kwa 3-2.

Timu isiyokuwa na kiti katika meza ya bara zima ilikuwa imefika umbali wa mkwaju mmoja kutoka kwenye ubingwa. Zanzibar haikuwa na majina makubwa. Ilikuwa na wachezaji waliozoeana na waliojua kwamba hawana mashindano mengine ya kungojea. Sifa hizo mbili hazionekani katika orodha ya FIFA.

Kenya: Ngome imara, mabao ya kuhesabika

Kwa Kenya, takwimu za 2017 zina ujumbe ambao haukupewa uzito wakati wa kusherehekea. Kabla ya fainali, Harambee Stars walicheza mechi tano bila kufungwa hata bao moja. Lakini wao wenyewe walifunga manne tu, na mawili kati ya hayo yalipatikana Kakamega katika mechi ya kwanza. Walitoka sare tasa na Libya na Zanzibar, wakaishinda Tanzania Bara 1-0, na wakahitaji muda wa ziada kuipiku Burundi 1-0.

Miaka minane baadaye, sura ilikuwa ile ile. Katika fainali za CHAN zilizoandaliwa na nchi hizi tatu Agosti 2025, Kenya ya kocha Benni McCarthy iliongoza kundi lililoitwa gumu kuliko yote. Iliifunga Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo 1-0, ikatoka 1-1 na Angola, ikaishinda Morocco 1-0 ikiwa na wachezaji kumi uwanjani, na kuilaza Zambia 1-0. Mabao yote manne yalifungwa na watu wawili, Austin Odhiambo na Ryan Ogam.

Robo fainali ilikuwa sare ya 1-1 dhidi ya Madagascar, na safari hii mikwaju ya penalti ikawakataa wenyeji kwa 4-3. Ukijumlisha, Kenya ilifunga mabao matano na kufungwa mawili katika mechi tano. Timu ya namna hii ni vigumu kuifunga, lakini pia haina akiba: bao moja la mpinzani linatosha kuvuruga mipango yote.

Fauka ya hayo, CHAN ni ya wachezaji wa ligi za nyumbani pekee. Kikosi kamili kilipokutana na vikosi kamili, ngome hiyo ilibomoka. Septemba 2025 Gambia ilikuja Kasarani na kushinda 3-1 katika mechi ya kufuzu Kombe la Dunia. Novemba mwaka huo, Senegal iliicharaza Kenya 8-0 katika mechi ya kirafiki nchini Uturuki. Michael Olunga, aliyefunga mabao mawili Kenya ilipoishinda Tanzania 3-2 katika AFCON ya 2019, alizaliwa mwaka 1994. Umri haumsubiri, na mrithi wake hajaonekana wazi.

Tatizo la Kenya, basi, ni pengo la wafungaji na uhaba wa mechi kubwa. Tangu AFCON ya 2004, imeshiriki fainali moja tu, za 2019. Ilifungiwa kushiriki mechi za kufuzu 2023 kutokana na marufuku ya FIFA, na ikashindwa kufuzu 2025 baada ya kumaliza nyuma ya Cameroon na Zimbabwe.

Uganda na Tanzania: Wazoefu wenye deni

Uganda ndiyo yenye historia nzito zaidi kati ya wenyeji hawa. Ilifika fainali ya AFCON mwaka 1978 na kushindwa 2-0 na wenyeji Ghana. Katika enzi za karibuni ilifika raundi ya 16 bora mwaka 2019. CHAN 2025 ilionyesha pande zake mbili: ilianza kwa kuzabwa 3-0 na Algeria, kisha ikainuka, ikazifunga Guinea na Niger, ikatoka 3-3 na Afrika Kusini na kuongoza kundi, kabla ya kuondolewa na Senegal kwa 1-0.

Katika AFCON ya Morocco iliyoanza Desemba 2025, hata hivyo, Cranes walipata alama moja tu na kufungwa mabao matatu mara mbili, na Tunisia na Nigeria. Kinyume na Kenya, Uganda hufunga lakini ngome yake huvuja.

Tanzania inaweza kujivunia jambo ambalo majirani wake hawana: imeshiriki fainali tatu kati ya nne za karibuni, yaani 2019, 2023 na 2025. Katika CHAN 2025 iliongoza kundi lake bila kushindwa na kuifunga Madagascar 2-1, timu ambayo baadaye ilifika fainali. Katika AFCON 2025 ilitoka 1-1 na Uganda na Tunisia, ikavuka kwenda 16 bora kwa mara ya kwanza katika historia yake, na kuondolewa na Morocco kwa 1-0.

Lakini Tanzania nayo ina deni. Katika fainali zote nne ilizoshiriki tangu 1980, haijawahi kushinda mechi hata moja. Kuvuka kundi kwa alama mbili ni bahati ambayo haiji kila mwaka.

Makocha wawili wa Machakos

Ipo hadithi moja inayoziunganisha timu hizi na ile fainali ya 2017. Paul Put, aliyeiongoza Kenya siku hiyo, ndiye aliyekuja kuinoa Uganda na kuifikisha AFCON 2025. Hemed Suleiman, maarufu kama Morocco, aliyeketi kwenye benchi la Zanzibar, ndiye aliyeiongoza Tanzania kufuzu fainali hizo hizo na kuifundisha katika CHAN. Mashindano ambayo wengi waliyaona kuwa madogo yalikuwa yamewapima makocha wawili ambao baadaye walizipeleka nchi mbili jirani kwenye jukwaa kubwa.

Kenya, iliyotwaa kombe, haikuvuna mengi kutoka kwake. Put aliondoka Februari 2018, miezi michache tu baada ya ushindi. Tabia ya kuanza upya kila mara imeigharimu Harambee Stars kuliko ukosefu wa vipaji.

Kakamega ina lipi la kusema?

Katika CHAN 2025, mechi zote zilizochezewa Kenya zilikuwa Nairobi, katika viwanja vya Kasarani na Nyayo. Kwa AFCON pia, macho yameelekezwa jijini humo, hasa kwa uwanja wa Talanta wa viti 60,000 ambao ujenzi wake ulizinduliwa Machi 2024. Masharti ya CAF kuhusu hoteli, viwanja vya ndege na hospitali yanaeleweka, na hakuna anayedai Bukhungu ulazimishwe mahali ambapo haujafikia viwango.

Hata hivyo, lipo swali la haki na la kiufundi kwa wakati mmoja. Magharibi mwa Kenya ni shamba la soka. Shule ya Upili ya Kakamega, yaani Green Commandos, na jirani zake wa Musingu wamelea vipaji kwa vizazi. Kakamega Homeboyz walitwaa Kombe la FKF mwaka 2023. Serikali ya kaunti imekuwa ikiupanua uwanja wa Bukhungu kwa awamu. Ikiwa pengo kubwa la timu ya taifa ni wafungaji, je, ni busara kuwatafuta katika jiji moja tu?

Mechi za kirafiki na kambi za mazoezi hazihitaji viti 60,000. Zinahitaji nyasi nzuri, mashabiki na wapinzani wa kweli. Harambee Stars wakicheza Bukhungu, kijana wa Shinyalu au Malava atapata nafasi ya kuonekana, na timu itajifunza kucheza mbele ya umati wake bila kutetemeka. Jambo la pili si dogo. Katika CHAN 2025, CAF ililazimika kupunguza idadi ya mashabiki Kasarani kwa sababu ya vurugu za kuingia uwanjani. Umati ni silaha, lakini usipopangwa humgeukia mwenyewe.

Kuwa mwenyeji si kinga

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Wenyeji wa AFCON wamegundua kwamba tuzo hiyo haina hakika. Tunisia iliondolewa katika hatua ya makundi ikiwa nyumbani mwaka 1994. Gabon iliondolewa hatua hiyo hiyo mwaka 2017 bila kupoteza mechi, kwa kuwa ilitoka sare zote tatu. Ivory Coast, katika fainali za 2023, ilikandikwa 4-0 na Equatorial Guinea mbele ya mashabiki wake, ikaponea chupuchupu kama mmoja wa washindi wa tatu, kisha ikabadilisha kocha katikati ya mashindano na kutwaa kombe.

Mfano wa Gabon ndio unaopaswa kuitia Kenya hofu. Timu isiyofungwa kirahisi lakini isiyofunga inaweza kutoka sare tatu, ikapongezwa kwa ujasiri, na kufungasha virago. Tanzania imeonja uzoefu na ikiondoa mkosi wa ushindi wa kwanza yaweza kwenda mbali kuliko jirani zake. Uganda ikiziba ngome yake ina mabao ya kutosha kumsumbua yeyote. Kwa Kenya, kazi ni ngumu zaidi, kwa kuwa ngome hufundishwa kambini kwa wiki chache ilhali mfungaji huandaliwa kwa miaka.

Kwa hiyo, anayetaka kuwapima wenyeji hawa kabla ya kipenga cha kwanza asianzie kwenye orodha ya FIFA. Aulize wachezaji wamekaa pamoja kwa muda gani chini ya kocha mmoja, wamekutana na vikosi kamili mara ngapi, na mabao yanatoka kwa watu wangapi. Zanzibar ya 2017 ilikuwa na majibu mazuri kwa swali la kwanza, na hilo pekee liliifikisha fainali. Mwenyeji mwenye majibu mazuri kwa yote matatu hatahitaji kuomba bahati ya penalti.