Tasa Gani Huyo Ana Mtoto?

Wanangu, kuanzia hapa Majoreni mpaka Diani, hebu tuongee. Zile namba hazigawanyiki ila kwa 1 na kwa zenyewe, 2, 3, 5, 7, 11 na kuendelea, Kiswahili kinaziita namba tasa. Tasa! Neno ambalo huku kwetu mwanamke akitupiwa, mashangazi washaanza vikao. Mimi nalipinga, tena kwa hesabu.

Chukua 7. Ni 2 mara 2 mara 2, toa 1. Izidishe kwa 4, unapata 28. Sasa tafuta namba zote zinazoigawanya 28, yenyewe uiache: 1, 2, 4, 7, 14. Jumlisha. 28 tena! Hiyo inaitwa namba kamilifu, na Euclid, yule Mgiriki, alithibitisha zaidi ya miaka 2,000 iliyopita kwamba kila tasa ya aina hii inazaa kamilifu yake.

Kubwa kuliko zote zinazojulikana aliipata Luke Durant, Mmarekani, Oktoba 2024. Andika 2 mara 136,279,841, zizidishe zote, toa 1. Ina tarakimu 41,024,320. Ukitaja moja kila sekunde, hulali huli, ni zaidi ya siku 474. Na siku ilipojulikana, nayo ikawa na mtoto wake papo hapo.

Najua mtakuja kwa comments: "Itaninunulia unga?" Haitakununulia. Kwani mechi ya Jumamosi inakununulia unga? Mbona hamuiti mpira tasa?

Halafu kuna wajuaji wanaosambaza ati namba hii ndiyo inalinda pesa za simu. Uongo mtupu. Zinazofunga siri mtandaoni ni tasa za tarakimu mia kadhaa, na nguvu yake ni kwamba hakuna anayezijua. Hii dunia nzima inaijua, italinda nini? Kitu kizuri hakihitaji kutetewa kwa uongo.

Ukitaka kazi, muulize mdogo wake: 2,147,483,647. Euler alithibitisha ni tasa mwaka 1772. Leo ndiyo kikomo cha kaunta za biti 32. Mwaka 2014 Gangnam Style iliipita kwa views, YouTube ikabidi iwe na kaunta kubwa zaidi. Na tarehe 19 Januari 2038, saa kumi na mbili na dakika 14 asubuhi kwa saa zetu, kompyuta za zamani zinazohesabu sekunde kwa biti 32 tangu 1970 zitafika kwenye hiyo tasa yenu, na sekunde inayofuata zitadhani ni mwaka 1901.