Meno siyo kipimo: kwa nini nataka kila kikundi kinunue kipima unyevu



Msimu wa kuanika mahindi umefika huku kwetu nyanda za juu kusini, na leo nina jambo ambalo baadhi yenu, na hata baadhi ya maafisa ugani wenzangu, huenda wasilipende. Sisi tunaouma punje ya mahindi na kutangaza kwamba "hapa tayari, yamekauka" tunawapotosha wakulima. Nasema "sisi" kwa sababu na mimi nimefanya hivyo kwa miaka mingi.

Miaka michache iliyopita mama mmoja wa kata yangu aliniita nimwangalizie mahindi yake. Alikuwa amenunua mifuko sita isiyopitisha hewa, na ni mimi niliyemshauri ainunue. Nikaokota punje juu ya turubai, nikauma, ikalia "ka!" Nikaokota nyingine, nayo ikalia vilevile. Nikamwambia, "Mama, funga." Akafunga siku hiyohiyo.

Mwezi wa kwanza akanipigia simu. Nilipofika, mfuko mmoja ulikuwa wazi na harufu iliyotoka mle ndani ilikuwa kama ya pombe iliyochacha. Tukafungua yote. Mitatu ilikuwa mizima na mitatu imeharibika, punje zimebadilika rangi na nyingine zimeshikana mabonge. Hakunigombeza. Alisema tu, "Bwana shamba, si ulisema yamekauka?" Sikuwa na jibu. Yale mahindi yalikuwa chakula cha nyumba hadi mavuno, na sehemu yake ilikuwa ya kuuza anunue sare za shule.

Mifuko haikuwa na kosa, na mama yule alifanya kila nilichomwelekeza. Kosa lilikuwa langu na meno yangu.

Mbona wazee walipima kwa meno na mahindi yalidumu?

Hili swali huulizwa kila ninapozungumzia vipimo, na ni swali zuri. Wazee wetu walihifadhi mahindi yakiwa kwenye magunzi, juu ya dari la jikoni au ndani ya kihenge kinachopitisha upepo. Chini kulikuwa na moto na moshi kila siku, kwa hiyo mahindi yaliyoingia na unyevu kidogo yaliendelea kukauka humohumo. Hifadhi ya namna ile ilikuwa na huruma: ukikosea kidogo, upepo na moshi vinakurekebishia.

Leo tunapukuchua kwa mashine na kuweka punje kwenye mfuko usiopitisha hewa. Mfuko huu ni mzuri na bado naupigia debe, kwa sababu dumuzi na fukusi hufa kwa kukosa hewa bila sumu yoyote. Lakini kama hewa haiingii, maji nayo hayatoki. Unyevu uliofunga nao mwezi wa saba utaukuta mwezi wa kwanza. Tumebadilisha namna ya kuhifadhi lakini hatujabadilisha namna ya kupima.

Na chumvi je?

Wengi tumefundishwa njia ya chumvi: unaweka chumvi kavu na mahindi kwenye chupa kavu, unatikisa, na chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa unajua mahindi bado yana maji. Njia hii ni bora kuliko meno, ila ina mpaka wake. Chumvi huanza kuganda unyevu wa mahindi ukizidi takriban asilimia 15. Kiwango kinachotakiwa na viwango vya Afrika Mashariki ni usizidi asilimia 13.5. Kwa hiyo mahindi yenye asilimia 14 na nusu yanaweza kufaulu mtihani wa chumvi yakafeli ndani ya mfuko. Ukiona chumvi imeganda, amini. Ukiona haijaganda, usisherehekee bado.

Tusisahau pia kwamba jambo hili ni la uhai. Mwaka 2004 nchini Kenya, upande wa Makueni na Kitui, watu 317 waliugua kwa kula mahindi yenye sumukuvu, na 125 wakafariki. Hapa kwetu mwaka 2016, Dodoma na Manyara, watu wapatao 20 walipoteza maisha kwa sumu hiyohiyo. Kuvu wanaotoa sumukuvu wanapenda joto na unyevu, na sumu yao haiondoki kwa kupika ugali. Ukishaiingiza ndani ya nyumba, umeshachelewa.

Kifaa ninachokizungumzia

Kuna kipima unyevu cha nafaka, kile wanachotumia wanunuzi wakubwa. Ni kizuri lakini bei yake ni laki kadhaa, na sitegemei kila kaya inunue. Ninachozungumzia ni kile kidogo cha mkononi kinachosoma vitu viwili, unyevu wa hewa na joto. Wafugaji wa vifaranga wanakifahamu. Bei yake haifiki bei ya gunia moja la mahindi.

Utauliza, kifaa cha kupima hewa kinahusianaje na mahindi? Punje na hewa inayoizunguka hupeana maji mpaka zilingane. Ukifunga mahindi mahali padogo pamoja na kifaa, baada ya muda hewa ya mle ndani inaeleza hali ya punje. Katika joto letu la kawaida la nyuzi 20 hadi 30, hewa hiyo ikisoma asilimia 65, mahindi yako yana unyevu wa kama 13 hadi 13.5. Ikisoma 70, uko kwenye 14 au zaidi kidogo.

Jinsi ya kupima

1. Subiri mahindi yapoe. Usipime punje zilizotoka juani sasa hivi.
2. Chota sehemu mbalimbali: juu, chini, katikati na pembeni mwa turubai. Changanya. Mimi niliokota za juu peke yake, na hilo lilikuwa kosa langu la kwanza.
3. Weka mahindi hadi theluthi mbili ya mfuko wa plastiki safi unaoonyesha ndani, au chupa yenye mdomo mpana. Ingiza kifaa, kioo chake kikitazama nje. Funga vizuri.
4. Weka kivulini, usishikeshike. Subiri nusu saa, kisha endelea kutazama mpaka namba iache kusogea.
5. Soma. Ikiwa 65 au chini yake, funga mifuko yako. Kati ya 65 na 70, rudisha juani siku nyingine kisha upime tena. Zaidi ya 70, usifunge hata kama mnunuzi au mvua vinakukimbiza.

Rudia kwa kila turubai. Mahindi ya shamba moja yanaweza kuwa na hali mbili tofauti.

Kifaa hiki kinakuambia pia lini uanike

Hapa ndipo wengi tunapotea. Tunatazama jua tu, tukiona linawaka tunajua mahindi yanakauka. Lakini mahindi hukaushwa na hewa kavu, kazi ya jua ni kuisaidia. Kama hewa ina unyevu wa asilimia 80, mahindi hayatashuka chini ya kama 16 hata ukiyaacha nje mwezi mzima.

Na joto usilipuuze, ndiyo maana kifaa kinasoma vyote viwili. Hewa ya joto hubeba maji mengi, ya baridi hubeba machache. Chukua siku ya kawaida ya mwezi wa saba huku kwetu: saa nane mchana kifaa kinasoma nyuzi 24 na unyevu asilimia 45. Hapo ni safi kabisa. Hewa hiyohiyo ikipoa usiku hadi nyuzi 12, unyevu wake unapanda hadi karibu asilimia 95, bila tone la mvua. Ukiacha mahindi wazi usiku, yanakunywa tena kile ulichokikausha mchana. Ndiyo sababu unamsikia mtu akisema "nimeanika wiki mbili hayakauki". Anakausha mchana, analowesha usiku.

Kwa hiyo asubuhi usitandaze kwa mazoea. Weka kifaa kivulini penye upepo, soma. Unyevu ukishuka chini ya 65, tandaza. Jioni ukianza kupanda kupita hapo, kusanya na ufunike.

Hoja za kupinga, nazijua

"Vifaa vya bei ndogo hudanganya." Ni kweli vingine husoma pungufu au zaidi. Dawa yake iko jikoni. Weka chumvi ya mezani kwenye kifuniko cha chupa, dondoshea maji kidogo hadi iwe kama uji mzito, isiyeyuke yote. Funga kifuniko hicho na kifaa ndani ya mfuko mmoja, visigusane, uache usiku kucha. Hewa juu ya chumvi ya namna hiyo hukaa kwenye asilimia 75. Kifaa kikisoma 79, ujue kinazidisha 4, na utatoa 4 kila unapopima. Kikisoma 71, utaongeza 4. Kikiwa mbali sana, au kikibadilika kila unapokijaribu, kirudishe dukani. Fanya hivi mwanzo wa kila msimu. Meno yako huwezi kuyajaribu namna hiyo.

"Nikikausha sana napoteza kilo." Hii ndiyo hoja nzito, na siwezi kuwabeza wanaoitoa. Gunia la kilo 100 lenye unyevu wa asilimia 18, ukilikausha hadi 13, linabaki na kilo 94 na kidogo. Karibu kilo 6 zimeondoka, na mnunuzi wa kando ya barabara analipa bei ileile kwa aliyekausha na asiyekausha. Hapo mkulima mwaminifu anaadhibiwa. Nawaambia wanunuzi wazi: mkitaka mahindi makavu, lipieni ukavu. Na wewe mkulima, angalau tenganisha. Mahindi ya kula na ya kuhifadhi yasiingie katika hesabu hiyo hata kidogo. Kilo 6 za maji hazijawahi kumshibisha mtoto.

Kipimo kinakulinda sokoni pia. Nimewaona wakulima wakikodi gari, wanafika kwenye kituo cha ununuzi, wanapimiwa, wanaambiwa unyevu umezidi, wanarudi na mzigo. Nauli ya kwenda na kurudi ingenunua kifaa na chenji ikabaki. Ukiwa na namba yako tangu nyumbani, unajua kama uondoke au uanike siku mbili zaidi. Na mtu akikukata bei kwa kisingizio cha unyevu, una cha kumjibu.

"Hatuna hela." Sawa. Basi msinunue kila mmoja. Kikundi cha watu kumi kinaweza kuchangishana kwa siku moja ya kikao, kifaa kikakaa kwa katibu kama daftari la hisa linavyokaa. Kinahitaji betri tu, kisiachwe juani, kisipuliziwe pumzi, na kisihifadhiwe vumbini.

Ninachoomba

Kwa maafisa ugani wenzangu: tusiende tena shambani kutoa ruhusa ya kufunga mifuko kwa kuuma punje. Mkulima anatuamini, na neno letu linaweza kumgharimu chakula cha mwaka. Kama huna kifaa, mwambie huna. Usikisie.

Kwa mashirika na maduka yanayouza mifuko isiyopitisha hewa: anayeuza mfuko auze na kipimo, au angalau amfundishe mnunuzi kwamba mfuko haukaushi mahindi. Kumpa mtu mfuko bila kipimo ni kumwacha nusu ya safari.

Kwa wewe mkulima: usikubali neno "yamekauka" kutoka kwa mtu yeyote asiyekuonyesha namba. Hata kama mtu huyo ni mimi.

Mama yule wa mifuko sita bado analima. Kikundi chao kilinunua kifaa msimu uliofuata, na yeye ndiye anayekitunza. Mwaka jana nilipita kwake wakati wa kuanika, nikajisahau, nikaokota punje na kuipeleka mdomoni. Akanitazama. "Bwana shamba, weka chini. Ngoja nikaleteze kifaa."

Kikasoma 68. Akatandaza tena.