Tusikubali Kuachiwa Magwangala ya Historia

Mtu wa Geita hahitaji kamusi kulijua neno magwangala. Ni mawe ya mabaki, yale ambayo mgodi mkubwa umeyachimba, ukayapima, ukaona dhahabu iliyomo hailipi gharama ya kuyasaga. Wananchi wameyapigania miaka na miaka ili wayaponde wenyewe, watafute chembe zilizosahaulika. Nalitumia neno hili kwa sababu ndivyo tunavyogawiwa historia ya ukanda wetu. Chenye bei kinasafirishwa, na kisicho na bei tunaambiwa tugombanie wenyewe, kama hakijafukiwa.

Nimeandika habari za madini kwa zaidi ya miaka kumi. Nikipeleka chumba cha habari stori ya dhahabu, inakaa ukurasa wa mbele. Nikipeleka stori ya mifupa ya kale au ya wazee wanaokumbuka maduara ya zamani, naambiwa hiyo ni ya ukurasa wa utalii. Haya, utalii gani jamani? Nani amewahi kumpeleka mgeni kutazama shimo lililofukiwa?

Tuanze na kitu ambacho hakina ugomvi. Ukitoka Bulyanhulu kwenda Shinyanga mjini unapita Kahama, unapita Isaka, unafika Tinde. Upande wa kusini kuna bonde la mto Manonga, ambao maji yake huelekea Wembere na ziwa Kitangiri. Mwishoni mwa miaka ya 1920 wanajiolojia wa serikali ya kikoloni waliokota visukuku hapo Tinde, vikaenda kuchunguzwa London. Miaka ya 1990 watafiti wakiongozwa na Terry Harrison wa Chuo Kikuu cha New York wakalirudia bonde lile, na mwaka 1997 likatoka buku zima kwa Kiingereza. Tabaka zile zina umri wa kama miaka milioni 4 hadi 5 na nusu. Zimehifadhi mabaki ya jamaa wa kale wa tembo, ya viboko, nguruwe, mamba na samaki. Yaani mahali ambapo leo mkulima wa pamba anatazama mbingu akiomba mvua, palikuwa na ziwa na vinamasi.

Nilisoma shule za Kanda ya Ziwa tangu darasa la kwanza na sikusikia habari hii hata siku moja. Sababu naiona moja tu: Manonga haikutoa binadamu. Oldupai ilitoa fuvu la Zinj mwaka 1959. Laetoli ilitoa nyayo za watu wa kale mwaka 1978. Manonga imetoa nguruwe. Basi, urithi nao una daraja la kwanza na la tatu kama treni, na sisi tumekatiwa la tatu.

Sasa turudi Bulyanhulu, ambako ugomvi upo. Miaka ya 1970 dhahabu ilijulikana pale, na wachimbaji wadogo wakamiminika. Paliota mji wenye maduka, vilabu, maduara yenye majina ya wenyewe, na ufundi wa kusoma mwamba ambao hakuna chuo kilichoufundisha. Mwishoni mwa Julai 1996 serikali iliwaamuru waondoke, kuipisha kampuni ya Kahama Mining iliyomilikiwa na Sutton Resources ya Canada. Agosti maduara yakafukiwa. Barrick iliinunua Sutton mwaka 1999, na mgodi ukafunguliwa 2001.

Wanasheria wa LEAT walidai kwamba kuna wachimbaji waliofukiwa wakiwa hai. Serikali na kampuni zilikanusha. Ofisi ya malalamiko ya kundi la Benki ya Dunia ilichunguza mwaka 2002, ikasema haikuona ushahidi wa kuthibitisha madai hayo. Sitaki kuwa hakimu wa kesi hiyo hapa. Hoja yangu ni kwamba hata ukiiweka pembeni kabisa, bado kuna jambo lisilobishaniwa na yeyote: watu kwa maelfu waliishi pale, wakafanya kazi pale, wakaondolewa, na hakuna hata kibao kimoja cha bati kinachosema hivyo. Nani ameandika kwa nini sehemu ya Kakola inaitwa Namba Tisa? Nani ana picha za zile karasha za mkono? Mwaka 2017 nchi nzima ilijifunza neno makinikia, tukahesabu makontena 277 bandarini Dar es Salaam, moja baada ya jingine. Vizuri sana. Ila kumbukumbu za watu waliokuwa juu ya mwamba huohuo hakuna aliyeunda tume kuzihesabu.

Sheria inasemaje? Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, pamoja na marekebisho yake, inalinda moja kwa moja vitu vilivyotengenezwa na binadamu kabla ya mwaka 1863, na majengo na miundo ya kabla ya 1886. Milango ya kuchongwa imepewa nafuu, yenyewe inalindwa ikiwa ni ya kabla ya 1940. Soma tena miaka hiyo. Mlango wa Pwani wa mwaka 1939 ni urithi, na hakika ni urithi. Duara la Kakola la mwaka 1980 ni shimo tu. Lakini sheria hiyohiyo inampa waziri uwezo wa kutangaza mahali pengine palindwe. Kalamu ipo na wino upo. Kilichokosekana ni mtu wa kumsukuma aandike.

Najua nitakachojibiwa, maana nimekisikia sana: watu hawana maji wala zahanati, wewe unaleta makumbusho. Hoja hii inasikika kama huruma. Kwangu mimi ni dharau, kwa sababu inadhani urithi ni pambo la aliyeshiba. Tazameni ngitili. Wasukuma walikuwa na desturi ya kutenga eneo la malisho na miti, halichungwi masika ili mifugo iwe na pa kukimbilia kiangazi. Serikali ya kikoloni ikafyeka misitu kupambana na mbung'o, pamba ikafyeka zaidi, kisha uhamisho wa vijiji miaka ya 1970 ukawatoa watu kwenye ngitili zao. Shinyanga ikageuka jangwa la kuchekwa. Mradi wa HASHI ulipoanza mwaka 1986, kilichokuja kuinua ardhi ni ile desturi ya wazee, ikisimamiwa na mabaraza ya vijiji na sungusungu. Kufikia miaka ya mwanzo ya 2000 zaidi ya hekta 300,000 zilikuwa zimerudi kuwa ngitili. Ng'ombe walikula urithi, jamani. Kina mama walipata kuni na dawa kutoka kwenye urithi. Kama desturi ile nayo ingekuwa imefukiwa Agosti moja, HASHI ingeanzia wapi?

Wengine watasema tuna Bujora. Ndiyo, na tumshukuru Padri David Clement na Wasukuma waliojenga makumbusho yale pale Kisesa. Lakini Bujora inatunza ngoma, viti vya watemi na Bagika na Bagalu. Haiwezi kubebeshwa dhahabu, wala Manonga. Kanda yenye migodi mikubwa kuliko zote nchini haiwezi kuegemea makumbusho moja iliyoanzishwa na padri.

Pesa si kisingizio. Mgodi hulipa halmashauri ushuru wa huduma unaotokana na mauzo, na tangu 2017 sheria inautaka ukubaliane na halmashauri mpango wa kila mwaka wa kuihudumia jamii. Msalala na Geita waingize humo fungu la kumbukumbu: kurekodi sauti za wachimbaji wa zamani, kukusanya zana, kuweka chumba kimoja cha maonyesho Kakola na kibao Tinde. Na kwa kuwa kila mgodi una mwisho, kama Buzwagi ilivyotuonyesha, mpango wa kufunga Bulyanhulu useme pia nini kitabaki kisimulie.

Na sisi wa fasihi tusijifiche nyuma ya halmashauri. Aniceti Kitereza wa Ukerewe alimaliza mswada wa Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka kwa Kikerewe mwaka 1945, akihofia maisha ya watu wake yatapotea. Ulitoka kwa Kiswahili mwaka 1980, naye akafariki 1981. Emmanuel Mbogo alimchukua Ng'wanamalundi kutoka midomoni mwa Wasukuma akampandisha jukwaani. Riwaya kubwa ya maduara iko wapi? Mchimbaji aliyekuwa na miaka 30 mwaka 1996 sasa amezeeka, na mapafu yaliyokula vumbi la mwamba hayasubiri tuzo za uandishi. Chukua simu yako, washa kinasa sauti, nenda kamsalimie.