AFYA IANZE ZAHANATI

Mama anayeuza ndizi pale Mabibo, katika soko lijulikanalo kwa jina la Mahakama ya Ndizi, hana mshahara wala hati ya malipo ya mwezi. Mtoto wake akishikwa na homa usiku, kunapokucha huwa na njia mbili: kuacha biashara ampeleke zahanati, au kununua vidonge dukani na kumwachia Mungu. Serikali itakayo kujua kama afya ya msingi imewafikia wananchi, na imtazame mama huyo kwanza.

Wazee wetu walinena: mwenzako akinyolewa, zako tia maji. Ndugu zetu wa Kenya walifuta ada ya shilingi 5 kwa wagonjwa wa nje mwaka 1965. Desemba 1989 ada ikarudi, mahudhurio yakapungua sana, na mwaka 1990 Serikali yao ikalazimika kuisimamisha. Ilirejeshwa tangu 1992, ikapunguzwa mwaka 2004 kuwa shilingi 10 katika zahanati na 20 katika vituo vya afya, hata Juni 2013 ikafutwa huko chini.

Nasi tumepita njia iyo hiyo. Baada ya Azimio la Arusha la 1967, fedha za afya zilielekezwa zaidi vijijini. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wazima wapatao milioni 2 katika vikundi vya kujifunza kinga. Visiwani, matibabu yalitangazwa kuwa bure baada ya Mapinduzi ya 1964. Lakini mwaka 1993 Bara tulianza uchangiaji, na mwaka 1996 Mfuko wa Afya ya Jamii ukaanza Igunga. Mwaka 2023 Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, na mwaka huo huo Zanzibar ikaanzisha Mfuko wake wa Huduma za Afya.

Kenya nayo ilitunga sheria mpya mwaka 2023. Hapa ndipo penye funzo. Wenzetu walitenganisha mambo mawili: matibabu ya hospitali yalipiwe kwa michango, asilimia 2.75 ya kipato. Bali huduma ya zahanati na kituo cha afya ilipiwe na Mfuko wa Afya ya Msingi, unaotokana na kodi. Kwa maneno mengine, mchango uliochelewa usimfungie mtu mlango wa kwanza.

Hatusemi kwamba ya jirani yote ni mema. Tangu 2013 afya ilipokabidhiwa kaunti, migomo imewaumiza wagonjwa. Ule wa madaktari ulioisha Machi 2017 ulidumu siku 100. Mlango ulio wazi usio na mganga ndani haumponyi mtu.

Wapo watakaosema kwamba hazina haiwezi kubeba mzigo huu. Tunawajibu kwamba mzigo haukwepeki. Homa isiyotibiwa zahanati hufika Mwananyamala ikiwa imekuwa ugonjwa wa kulazwa, na hapo gharama huwa kubwa mara nyingi zaidi, kwa mgonjwa na kwa Serikali.

Kwa hiyo tunawakumbusha wakuu wa Bara na Visiwani mambo mawili. Kwanza, huduma ya zahanati ilipiwe na kodi, isitegemee kadi ya bima. Pili, wahudumu wa afya ngazi ya jamii, ambao mpango wa Januari 2024 ulilenga wafike zaidi ya 137,000 katika miaka mitano, posho yao iwe katika bajeti kila mwaka. Wale wa miaka ya 1980 waliachiwa vijiji viwalipe. Wengi waliacha kazi, nasi tukabaki na majina daftarini.

Kinga ni bora kuliko tiba. Tumelisema neno hili tangu 1973. Sasa tulilipie.