Tumbo Lisilo na Mlango

Juzi baada ya sala ya Isha alinijia mtoto wa ndugu yangu, ambaye ni mchoraji. Nisemapo mtoto nakusudia kwa nasaba tu, kwani yeye ni mtu mzima mwenye mke, na riziki yake huipata kwa kuandika mabango ya maduka na kuchora picha wanazonunua watalii. Aliniamkia, akaketi barazani, kahawa akaigusa tu, kisha akatoa karatasi mfukoni akaniwekea gotini.

"Ami," akasema, "nichore ama nisichore?"

Lilikuwa agizo la mteja wake wa ng'ambo, mtu ambaye hawajapata kuonana. Mteja ataka achorewe dubwana, nusu kenge nusu nyangumi, ambalo limemmeza mwanamume mzima mzima bila kumtafuna. Ubavu wa dubwana uonekane kama uliokatwa kwa msumeno, ili ndani pote pawe wazi: koo, mfuko wa kwanza wa tumbo, mfuko wa pili. Hata tabia za mwili huo ameziandika. Tumbo lisiwe na maji makali ya kuyeyusha chakula. Liwe na joto la kiasi, hewa ya kutosha na mwanga hafifu kama wa kibatari. Aliyemezwa asiwe na jeraha, na uso wake uonyeshe raha. Malipo yake yatosha kodi ya nyumba ya miezi miwili.

Kijana akanieleza kwamba wapenzi wa picha za namna hii si wachache huko Ulaya, Marekani na Japani. Wengine huvutiwa na dubwana lenyewe tu. Wengine, na hapa sina haja ya kuzunguka, matamanio yao ya kimwili yamefungamana na jambo hili la kumeza na kumezwa. Mwaka 2014 wataalamu wawili wa elimu ya nafsi, Amy Lykins na James Cantor, walichapisha maelezo ya mtu mmoja mwenye tamaa hiyo. Sitakwenda mbali zaidi, maana ukurasa huu husomwa na wakubwa kwa wadogo.

Lakini msomaji mpenzi, lililonishika mimi si tamaa ya yule bwana. Ni lile tumbo. Mtu ameketi akafikiri aliyemezwa atavuta pumzi wapi, ataona kwa taa gani, atakaa juu ya nini. Na fikira hizo si ngeni. Lucian wa Shamu, aliyeandika kwa Kiyunani katika karne ya 2, alitia msitu na watu ndani ya nyangumi wake, na waliomezwa wakautia moto msitu huo mpaka mnyama akafa. Mwitaliano Carlo Collodi, ambaye kitabu chake cha Pinocchio kilitoka mwaka 1883, alimweka mzee seremala ndani ya papa mkubwa, akampa meza, mshumaa na chakula cha merikebu iliyomezwa. (Nyangumi wa filamu ya Disney ya mwaka 1940 ni badiliko la baadaye, kitabuni ni papa.) Tena Collodi akampa papa yule ugonjwa wa pumu, ili alazimike kulala kinywa wazi. Kwa kinywa hicho baba na mwana wakatoka. Mimi naona pumu ile ndiyo ufundi wote wa kisa: mwandishi alijua tangu mwanzo kwamba mtu wake atahitaji njia.

Maumbile yenyewe hayana huruma hiyo. Chatu hameguki taya kama watu wasemavyo. Mifupa ya taya lake la chini haikuungana kidevuni, na ngozi yake hunyumbuka. Akiwa anameza huisukuma mbele tundu ya hewa ili yeye mwenyewe apumue. Aliye ndani hana tundu. Utafiti uliotolewa mwaka 2005 ulionyesha kwamba moyo wa chatu wa Burma huongezeka kiasi cha asilimia 40 katika siku mbili baada ya mlo, hivyo ndivyo kazi ya kuyeyusha inavyomchosha. Mwaka 2017 katika kisiwa cha Sulawesi, Indonesia, mkulima alikutwa maiti ndani ya chatu wa huko. Hapakuwa na kibatari.

Baharini nako, papa potwe anayeonwa na wenzetu wa Mafia aweza kupita mita kumi kwa urefu, lakini riziki yake ni dagaa na vijidudu vya maji. Mwaka 2021 mpiga mbizi wa kamba mawe huko Massachusetts, Marekani, alijikuta kinywani mwa nyangumi mwenye nundu kwa muda usiotimia dakika, akatemwa, kooni asingepita. Anayeweza kumeza kitu cha ukubwa wa mtu ni yule nyangumi mwenye kichwa kama sanduku, ambaye chakula chake ni ngisi wakubwa wa vilindini. Huyo sisi wa pwani twamjua kwa manukato yake. Ambari, iliyokuwa bidhaa ya mwambao huu tangu zama za Masudi katika karne ya 10, hutengenezeka matumboni mwake pamoja na midomo migumu ya ngisi isiyoyeyuka. Basi atakaye kujua nini hutoka katika tumbo lile la kweli, ni hiyo harufu nzuri tu.

Ndiyo maana wasimulizi wa kale hawakuliachia tumbo liwe tumbo tu. Walilitungia sheria. Katika ngano za Waswahili zilizokusanywa Unguja na Edward Steere, na kuchapishwa London mwaka 1870, yumo Nunda, paka wa Sultani Majnuni. Sheria ya mwili wake ni kwamba hukua kwa kile alacho. Akala ndama, akala wanyama wengine, akala watu, na kila waliposhitaki sultani akajibu kwamba paka ni wake na aliyeliwa ni wake pia. Ni siku paka alipowala wanawe mwenyewe ndipo alipokiri kuwa huyu si paka. Mwana mdogo ndiye aliyetoka kwenda kumsaka, akamuua.

Kwa Wabasotho kuna Kholumolumo, dubwana lililomeza watu na ng'ombe wa nchi nzima, kisha likakwama katika pengo la milima kwa uzito wa tumbo lake. Kijana aitwaye Senkatana alipolipasua kwa kisu, sauti zikalia kutoka ndani zikimwonya asiwachome. Wakatoka wote, na baadaye watu wale wale wakamgeukia wakamuua. Jina hilo halikufa. Mwaka 2020 wanasayansi walimpa dinosauri ambaye mifupa yake ilifukuliwa Lesotho jina la Kholumolumo ellenbergerorum. Na huku karibu, Wasambaa wa Usambara wanalo boga lililomeza kijiji, mpaka mwana wa mwanamke aliyesalia alipolipiga mishale.

Tazama sasa jambo moja. Zimwi la ngano hizi za kupasuliwa halitafuni. Akitafuna tu, hadithi imekwisha. Wayunani walisimulia kwamba Kronos aliwameza wanawe wazima, na kwa hiyo akaweza kuwatapika. Mspania Goya, alipomchora kwenye ukuta wa nyumba yake baina ya mwaka 1819 na 1823, alimtafunisha: mwili hauna kichwa, damu yatiririka. Picha hiyo iko Prado, Madrid, na mwenye kuitazama hatarajii mtu kurudi. Wazee wetu waliposema zimwi likujualo halikuli likakwisha, walikuwa wakizungumzia kiasi hicho kinachobakishwa.

Kisa cha Nabii Yunus, amani iwe juu yake, sikiweki katika safu ya ngano, kwani kwetu hicho ni habari ya haki. Lakini hakuna msomaji wangu atakayesoma mambo ya kumezwa asimkumbuke. Wafasiri wametaja giza tatu: la usiku, la bahari na la tumbo la samaki, na kwamba samaki aliamrishwa asile nyama yake wala asivunje mfupa wake. Hewa ilitoka wapi si jambo walilolishughulikia sana. Kilichoshughulikiwa ni dua yake, ambayo hata leo twaisoma tunapozingwa na dhiki, na kutupwa kwake ufukweni akiwa mgonjwa, na mmea wa jamii ya mung'unye uliooteshwa kumfunika. Nimewahi kustaajabu kwamba boga la Usambara humeza, na mung'unye wa Yunus huhifadhi.

Basi nilimrudishia kijana karatasi yake nikamwuliza, "Na huyu atatokea wapi?" Akaigeuza mbele na nyuma. Halikuandikwa. Nikamwambia amwulize mteja. Jawabu lilifika siku ya pili, fupi na la adabu: hatatoka. Hana haja ya kutoka, kwa sababu amefika nyumbani.

Nakiri kwamba jawabu hilo lilinizuia kumcheka. Kiswahili chetu hulitumia neno tumbo kwa pale chakula kinapoingia na kwa pale mtoto anapotoka. Ndugu wa baba mmoja na mama mmoja husemwa ni wa tumbo moja. Joto la kiasi, mwanga hafifu, hakuna kuumia: mtu yule ameagiza mahali ambapo kila mmoja wetu amepata kukaa miezi tisa. Kwamba ameliagiza kwa njia ya tamaa ni shauri lake na Mola wake. Ila hata mahali pale palikuwa na mlango, na hakuna aliyeachwa humo.

Nilimshauri kijana asichore. Suala la kuchora viumbe lina maneno yake kwa masheikh, nami si mwenye kutoa fatwa. Yeye ameshachora simba na twiga wa kutosha. Sababu yangu ni kwamba picha hii yatakiwa kuwa kuni za matamanio ya mtu, na mkono wa fundi usiwe mkodishwa wa jambo hilo. Nikamwambia pia amjibu bwana yule kwa heshima, bila kumtukana wala kumwita mwendawazimu.

"Na kodi, Ami?"

Hapo ndipo ninapotaka wenye viwanda vya vitabu wanisikie. Nunda ana zaidi ya miaka 150 tangu achapishwe, na kijana wangu anaweza kumchora nywele kwa nywele, na sultani amesimama mlangoni akimtetea paka wake. Nilimwambia hivyo. Akaniuliza nani atamlipa, nami nikaiita kahawa nyingine.