Mjane wa Askari na Karatasi Zake

Wengi wenu mmemwona mama mzee akikaa barazani pa ofisi ya serikali tangu asubuhi, mfuko wa karatasi magotini, akingoja kuitwa. Wapitao husema: «Aomba msaada.» Neno hilo si sawa. Ikiwa mumewe alikuwa askari, mama huyo haombi sadaka. Adai malipo ya kazi iliyokwisha kufanywa.

Kazi gani? Wanafunzi wasikie vema. Mwaka 1941 askari wa Force Publique walitoka Kongo, wakapita Sudani, wakaingia Uhabeshi kupigana na Waitalia. Mwezi wa Machi walitwaa Asosa na Gambela. Tarehe 3 Julai majenerali wa Italia wakajitoa mikononi mwao huko Saïo. Njiani chakula kilikuwa haba, na wapagazi waliteseka pamoja na askari. Wabelgiji walifurahia sana ushindi ule. Lakini uliletwa kwa miguu ya Wakongo.

Mwezi wa Juni 2022 Mfalme Philippe wa Ubelgiji alimvika nishani huko Kinshasa koplo mzee Albert Kunyuku, mwenye miaka 100. Ni heshima njema. Lakini nishani haipikwi sufuriani, na askari wazee wengi walikufa wakilalamika kwamba malipo hayakuwafikia. Wajane wao wangepata wapi?

Mara nyingi shida ni majina. Mume aliandikwa jeshini kwa jina la ubatizo. Mwaka 1972 serikali ya Mobutu ikakataza majina ya Kikristo, na karatasi zilizofuata zikachukua jina lingine. Aliandikwa Stanleyville, leo mji huitwa Kisangani. Force Publique yenyewe ikapewa jina jipya mwaka 1960. Karani kijana atazama karatasi mbili, aona watu wawili. Hata fedha ilibadilika: mwaka 1967 franka 1000 zikawa zaire 1, mwaka 1993 zaire milioni 3 zikawa zaire mpya 1, mwaka 1998 zaire mpya 100,000 zikawa franka 1. Walimu wawape wanafunzi hesabu hiyo, waone pensheni iliyopangwa kwa fedha ya zamani imebaki nini.

Basi, daraja kati ya majina hayo laweza kuwa kitabu cha misioni. Humo mna jina la ubatizo pamoja na jina la ukoo, majina ya wazazi, kijiji, siku ya ndoa, jina la mke na la mashahidi. Mjane amwombe Bwana Padri nakala yenye muhuri. Lakini asidhani kwamba ndoa ya kanisani peke yake yatosha mbele ya serikali: Sheria ya Jamaa ya mwaka 1987 yataka ndoa iandikwe serikalini pia. Wenye kuishi pamoja bila kuandikwa wafikiri jambo hilo wangali hai wote wawili.

Tena kuna jambo la aibu. Matanga hayajaisha, ndugu za marehemu waja kuchukua godoro, baiskeli, na kitabu cha askari. Kitabu chawafaa nini? Hawatalipwa kwacho hata senti. Wamwondolea mjane namba ya mumewe tu. Tumewaona washika rozari wakifanya hivyo. Wala tusimsahau mtu wa njiani anayeahidi kuharakisha malipo kwa kupewa kuku kwanza. Huyo afukuzwe.

Wajane wa vita vile vya kale wamebaki wachache. Lakini tangu mwaka 1996 vita vimewaacha wengine wengi katika nchi yetu, hasa huku mashariki, nao hukutana na karani yuleyule na maswali yaleyale. Mjane wa Injili alimrudia mwamuzi dhalimu mara nyingi, akiwa peke yake. Katika parokia yenye katekista, walimu na wanafunzi wajuao Kifaransa, kwa nini mama aende peke yake?

Ninyi wanafunzi ambao baba zenu ni askari, waombeni ruhusa, mnakili leo namba ya jeshi, jina kama lilivyoandikwa na mwaka wa kuingia. Nakala moja mpeni mama. Ya pili iwekwe kwa Padri, ambako panya hawafiki.